Maktaba ya zlib katika lugha sita za programu: tathmini kutoka Unguja

Anayepokea data za maandishi kutoka Pemba na kuzifanyia kazi Unguja hukutana, mapema au baadaye, na mstari mrefu wa herufi zisizosomeka unaoanza kwa H4sI au kwa eJ. Mstari huo haujaharibika wala haukufichwa kwa siri. Ni maandishi ya kawaida yaliyobanwa ili yapungue ukubwa, kisha yakasimbwa kwa Base64, yaani njia ya kuziandika baiti zozote kwa herufi za kawaida, ili yapite salama katika ujumbe, katika fomu ya tovuti au katika safu ya hifadhidata. Kuyarudisha katika hali yake ni kazi ya hatua tatu, yaani kusimbua Base64, kutanua kilichobanwa, na kuzigeuza baiti kuwa herufi. Na karibu katika kila lugha ya programu hatua ya katikati hufanywa na maktaba moja (mkusanyo wa programu zilizo tayari kuitwa na programu nyingine), zlib, au na programu iliyoandikwa upya kwa kufuata kanuni zile zile. Tathmini hii ni ya maktaba hiyo kama inavyomfikia mtumiaji katika PHP, Java, JavaScript, Python, C# na Go. Nimeiandika kwa ajili ya wenzangu wa visiwa hivi ambao mradi mmoja huwakutanisha na lugha tatu au nne kwa pamoja: simu ya mkusanyaji data huko Micheweni ina programu ya Java, seva inaendeshwa kwa PHP, ukurasa wa msimamizi ni wa JavaScript, na mchambuzi aliyeko Mji Mkongwe anatumia Python.

Maktaba yenyewe iliandikwa na Jean-loup Gailly, aliyeshughulikia upande wa kubana, na Mark Adler, aliyeshughulikia upande wa kutanua, na toleo lake la kwanza la hadharani lilitoka Mei 1995. Ni programu huria, haina ada, na leseni yake inamruhusu mtu kuitia hata katika bidhaa ya kuuzwa. Mbinu inayoitumia inaitwa DEFLATE, ambayo ilibuniwa na Phil Katz kwa ajili ya programu yake ya PKZIP, na maelezo yake yalichapishwa Mei 1996 katika waraka wa RFC 1951. Picha za PNG zinaitegemea, na Git, programu ya kuhifadhi historia ya mabadiliko ya mafaili, pia inaitegemea. Ukongwe huo ni sababu kubwa ya kuipendelea, kwa kuwa maandishi yaliyobanwa mwaka 1996 yanatanuliwa leo bila ya kubadilishwa chochote, na kwa watu wenye kazi ya kuhifadhi kumbukumbu hilo si jambo dogo. Haikosi dosari, hata hivyo. Machi 2022 lilitolewa toleo la 1.2.12 ili kuziba kasoro iliyokuwa imekaa kwa miaka mingi katika upande wa kubana, ambayo iliweza kuharibu kumbukumbu ya kompyuta wakati programu inaendelea na kazi. Yeyote mwenye seva ambayo haijasasishwa tangu wakati huo anapaswa kuitazama leo.

Namna inavyofanya kazi inaeleza kwa nini inazifaa sana data zetu. DEFLATE huunganisha mbinu mbili. Ya kwanza ni ile ya Abraham Lempel na Jacob Ziv ya mwaka 1977, ambayo hutafuta vipande vilivyokwisha kupita na kuweka badala yake ishara ya kurudi nyuma umbali fulani na kunakili urefu fulani. Ya pili ni ile ya David Huffman ya mwaka 1952, ambayo huzipa alama zinazojitokeza mara nyingi biti chache zaidi. Ishara ya kurudi nyuma inaweza kufika baiti 32,768 na kunakili kipande cha baiti 3 hadi 258. Tuchukue rekodi kama shehia=Kojani;wilaya=Wete;mkoa=Kaskazini Pemba, kisha tufikirie faili lenye maelfu ya mistari ya namna hiyo, ambayo hutofautiana kwa jina la shehia na tarakimu chache tu. Baada ya mstari wa kwanza, maneno ;wilaya=Wete;mkoa=Kaskazini Pemba hayaandikwi tena kwa ukamilifu wake, bali huwa ishara fupi ya kurejea yaliyopita. Mkusanyaji anayejinunulia kifurushi cha intaneti kwa fedha zake huiona tofauti hiyo siku hiyo hiyo.

Tatizo haliko ndani ya injini bali katika vifungashio. Data ya DEFLATE husafiri kwa sura tatu, kama ambavyo karafuu ile ile inaweza kuwa ndani ya gunia lenye lebo, ndani ya pakacha, au imemwagwa juu ya jamvi bila ya chombo. Sura ya gzip, iliyoelezwa katika RFC 1952, ina kichwa cha baiti 10 kinachoanza kwa 1f 8b 08 (baiti huandikwa hapa kwa heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16), na mwishoni ina baiti 8 zenye tarakimu ya uhakiki ya CRC-32 pamoja na urefu wa maandishi ya asili. Sura ya zlib yenyewe, ya RFC 1950, ina kichwa cha baiti 2 tu, ambacho aghalabu ni 78 9c, na mwishoni baiti 4 za uhakiki wa Adler-32. Sura ya tatu ni DEFLATE tupu, isiyo na kichwa wala uhakiki. Zikishasimbwa kwa Base64, gzip huanza kwa H4sI, zlib iliyobanwa kwa kiwango cha kawaida huanza kwa eJ, na zlib ya kiwango cha juu, yenye kichwa cha 78 da, huanza kwa eN. Anayezijua alama hizo tatu anajua afungue kwa kifaa gani kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu. DEFLATE tupu haina alama yoyote na hutambuliwa kwa kujaribu tu, na kwa rai yangu haifai kubebea kumbukumbu za watu, kwa sababu baiti moja ikiharibika njiani huenda kusiwe na chochote cha kumwarifu mpokeaji.

PHP ndiyo lugha iliyonisikitisha zaidi katika jambo hili, na ndiyo ninayokutana nayo zaidi katika seva ndogo. Ina jozi tatu za funksheni. gzencode na gzdecode ni za gzip, na hapo hapana utata. Lakini gzcompress na gzuncompress, licha ya herufi gz zilizotangulia, si za gzip kabisa, kwani hutoa na kupokea sura ya zlib. Na gzdeflate na gzinflate ni za DEFLATE tupu. Mtu mwenye mstari unaoanza kwa H4sI akiupeleka kwa gzuncompress, ambayo jina lake linamwahidi kufungua gzip, hujibiwa data error. Ubaya zaidi ni kwamba kosa hilo haliisimamishi programu. Funksheni hutoa onyo na kurejesha false, na ikiwa mwandishi hakulikagua jibu hilo, false hugeuka kuwa maandishi matupu na kuhifadhiwa katika hifadhidata kana kwamba ndiyo rekodi yenyewe. Nimeiona hifadhidata ya mradi mmoja ambamo safu nzima ya maelezo ya wakulima ilikuwa tupu kwa sababu hiyo, na simu zilikotoka data hizo zilikuwa zimekwisha kusafishwa. Yaliyopotea yalikuwa maneno ya watu waliokaa chini wakahojiwa kwa subira, na hayakuwa na nakala nyingine. Dawa ipo ndani ya PHP yenyewe tangu toleo la 5.4, nayo ni zlib_decode, ambayo hutambua yenyewe sura zote tatu. Hata hivyo bado inampasa mwandishi alinganishe jibu na false kwa alama tatu za usawa, kwani rekodi iliyo tupu kihalali na kufeli kwa kazi ni mambo mawili tofauti.

Java ni nzito kuandika, lakini haimfichi mtu kosa. GZIPInputStream ikipewa kisichokuwa gzip husimama na kusema Not in GZIP format, na Inflater hutaka iambiwe waziwazi kwa kigezo cha true endapo data ni DEFLATE tupu. Penye shida kwa sisi tunaotegemea simu za Android ni hatua ya Base64. Klasi ya Base64 ya Android, ikiachwa katika hali yake ya kawaida, huuvunja mstari kila baada ya herufi 76, ilhali kisimbuzi cha kawaida cha Java upande wa seva, kile kinachopatikana kwa getDecoder, hakikubali mstari uliovunjwa. Lalamiko lake husomeka hivi: Illegal base64 character a. Asiyelizoea hushangaa, kwa kuwa herufi a ni halali kabisa katika Base64, na hutumia muda mwingi kuzitafuta a zote katika mstari wake. Hiyo a ni tarakimu ya heksadesimali, 0a, yaani alama ya mstari mpya. Tiba ni kutumia NO_WRAP upande wa simu, au getMimeDecoder upande wa seva, ambayo huvumilia mistari iliyovunjwa. Ninapendekeza tiba ya kwanza, kwa sababu inamsaidia kila mpokeaji wa baadaye, wa lugha yoyote.

Hatua ya tatu, ya kuzigeuza baiti kuwa herufi, ndipo Java ya zamani inapowaumiza watu wa Zanzibar khasa. Kumbukumbu zetu zina Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, na zina majina ya watu ambayo yameandikwa kwa herufi hizo pembeni ya zile za Kilatini. UTF-8, usimbaji wa herufi za lugha zote uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, huiandika kila herufi ya kawaida ya Kiarabu kwa baiti mbili. Kabla ya Java 18, iliyotoka Machi 2022, kuunda maandishi kutoka katika baiti bila ya kutaja usimbaji kulifuata mpangilio wa kompyuta husika, na katika kompyuta nyingi za Windows mpangilio huo ni Windows-1252, usimbaji wa herufi za Kilatini unaoipa kila herufi baiti moja. Neno سلام, likiwa limetanuliwa vizuri kabisa, hutokea kwenye skrini likiwa Ø³Ù„Ø§Ù…, na Kiswahili cha Kilatini kilicho kando yake kikabaki safi. Kwa hivyo aliyeijaribu programu yake kwa sentensi ya Kilatini peke yake huapa kwamba haina kasoro. zlib haina lawama hapa, maana imerejesha baiti zile zile ilizopewa, na uhakiki wa CRC-32 umepita. Wenzangu nawaomba wataje StandardCharsets.UTF_8 kila mara, hata katika Java mpya, na waijaribu programu kwa maandishi yenye ع na غ kabla ya kuipeleka kazini. Jina la marehemu lililogeuka vurugu la alama ndani ya daftari la mirathi haliwezi kuchukuliwa kuwa kasoro ndogo ya muonekano.

JavaScript imepiga hatua kubwa na inastahiki kusifiwa. Katika kivinjari, DecompressionStream ilianza na Chrome 80 mwaka 2020, kisha ikaenea mwaka 2023 ilipoingia katika Safari 16.4 na Firefox 113, na sasa ukurasa unaweza kufungua gzip bila ya kupakua maktaba yoyote ya ziada. Majina yake yanataka uangalifu, kwa kuwa deflate huku ni sura ya zlib, na DEFLATE tupu huitwa deflate-raw. Matokeo yakipitishwa katika Response na kuitiwa text, husomwa kwa UTF-8 daima, jambo linaloondoa shida yote niliyoieleza kwa Java. Mtego uliobaki ni atob, ambayo hurejesha mfuatano ambamo kila baiti imefanywa herufi moja. Anayeuchukua mfuatano huo kama maandishi yaliyokamilika atapata vurugu ile ile ya Ø na Ù. Kwa vivinjari vya simu za zamani ipo pako, ambayo ni zlib iliyohamishiwa katika JavaScript, na funksheni yake ya inflate hutambua yenyewe gzip na zlib. Upande wa seva, Node, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, ina unzipSync yenye utambuzi huo huo, na Buffer yake hupokea Base64 ya kawaida pamoja na ile ya anwani za tovuti, inayotumia - na _ badala ya + na /. Ukarimu huo una faida, kwani alama ya + iliyotiwa katika anwani bila ya kulindwa hugeuka kuwa nafasi tupu njiani, na mstari mzima ukaharibika. Data inayopita katika anwani ya tovuti na isimbwe kwa alfabeti ya pili tangu mwanzo.

Python ndiyo ninayomshauri mtu aanze nayo anapokabiliwa na mstari asioujua asili yake, na sababu yangu kubwa ni ubora wa makosa yake. gzip.decompress ikipewa kisichokuwa chake husema Not a gzipped file (b'x\x9c'), na ndani ya mabano inakuonyesha baiti mbili za mwanzo ilizozikuta. Herufi x ni baiti 78, na inayofuata ni 9c. Kwa hivyo kosa lenyewe limekwisha kukupa jibu, kwamba ulichonacho ni sura ya zlib. Laiti PHP nayo ingesema hivyo. Katika zlib.decompress kuna kigezo kiitwacho wbits, ambacho kikiwa 15 hutaka zlib, 31 hutaka gzip, -15 hutaka DEFLATE tupu, na 47 hutambua baina ya gzip na zlib. Tarakimu hizo hazijielezi, na hiyo ni dosari, maana atakayeirithi programu mwakani hatajua 47 ni nini asipoandikiwa. Dosari nyingine ni b64decode, ambayo kwa kawaida huziruka kimya kimya herufi zisizo za Base64; mwenye kujali usahihi ataje validate=True ili kosa lijulikane papo hapo.

C# nitaipitia kwa ufupi. DeflateStream yake ni ya DEFLATE tupu, na kwa miaka mingi waandishi waliopokea sura ya zlib walikuwa wakizikata baiti mbili za mwanzo kabla ya kuipa data, njia iliyofanya kazi lakini iliyotupa uhakiki wa Adler-32. Tangu .NET 6 ya mwaka 2021 ipo ZLibStream, na hapana tena sababu ya kuendelea na ujanja huo. Go imeziandika kanuni hizi upya kwa lugha yake yenyewe, na imezipanga vizuri kuliko zote: flate, zlib na gzip ni vifurushi vitatu, kila kimoja kwa sura yake, na Base64 ina aina nne zilizotajwa kwa majina kulingana na alfabeti na kuwepo au kutokuwepo kwa alama za = mwishoni. Sina la kulalamikia huko.

Jambo linalopuuzwa katika lugha zote ni ukubwa wa kinachotoka. DEFLATE inaweza kubana data za kujirudia hadi kufikia takriban mara 1,032, maana yake faili la megabaiti 1 lililotengenezwa kwa nia mbaya linaweza kutanuka likakaribia gigabaiti 1 na kuiangusha seva ndogo, seuze seva ya kukodi yenye kumbukumbu finyu. gzuncompress ya PHP hupokea kikomo kama kigezo cha pili, Node ina maxOutputLength, Python inaruhusu kikomo kupitia decompressobj, na Go ina io.LimitReader, ilhali katika Java mwandishi anahesabu mwenyewe anapoendelea kusoma. Faili lililokatika katikati kwa sababu mtandao ulipotea ni jambo la kawaida zaidi. zlib.decompress ya Python hulikataa waziwazi, lakini decompressobj hurejesha kilichopatikana na kunyamaza, na ni juu ya mwandishi kuangalia kama eof imekuwa kweli.

Ujumbe mfupi ni mahali ambapo maktaba hii, ikitumika kwa kawaida yake, haifai. gzip huongeza baiti 18 za kichwa na mkia, na Base64 hugeuza kila baiti 3 kuwa herufi 4, kwa hivyo rekodi moja ya maneno machache hutoka ikiwa ndefu kuliko ilivyoingia. Njia ya kwanza ni kukusanya rekodi nyingi na kuzibana kwa pamoja. Njia ya pili haijulikani na wengi, nayo ni kamusi ya awali: pande zote mbili hukubaliana juu ya maandishi mafupi yenye maneno yanayojirudia, kwa mfano majina ya wilaya za Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani pamoja na majina ya safu, na zlib huyahesabu kuwa yamekwisha kupita hata kabla ya rekodi kuanza. Python, Java, Node na PHP tangu toleo la 7 zinaiwezesha njia hiyo. Sura ya gzip haina nafasi yake, na DecompressionStream ya kivinjari haina pa kuipokea kamusi, kwa hivyo mwenye ukurasa wa tovuti ambao lazima uzifungue data hizo abaki na njia ya kwanza.

Wapo wanaouliza kwa nini tusihamie zstd, mbinu nyingine ya kubana iliyotolewa na Facebook mwaka 2016, ambayo ni nyepesi zaidi na hubana vizuri zaidi. Kwa mafaili makubwa yanayotembea baina ya seva mbili za msimamizi mmoja ningekubali bila ya kusita, na Python imeiweka ndani tangu toleo la 3.14. Lakini PHP na Java haziji nayo, na katika seva ya kukodi si kila mtu ana ruhusa ya kuongeza kitu. Kwa data inayotoka katika simu iliyoko Mkoani, ikapita katika seva ya PHP na kuishia kwa mchambuzi wa Python, ninachokiandika katika makubaliano ya kazi ni gzip, Base64 isiyovunjwa mistari, na maandishi ya UTF-8, pamoja na sharti kwamba simu isiifute rekodi yoyote mpaka seva ithibitishe kuwa imeitanua, uhakiki wa CRC-32 umepita, na kilichopatikana si tupu.